Bill Russell na Timu Isiyo na Ukumbi

Juu ya kilima kimoja cha jiji la San Francisco, katika jimbo la California, mapadri Wajesuiti walikuwa na chuo kikuu kidogo walichokianzisha mwaka 1855. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 palikuwa na kanisa lenye minara miwili iliyoonekana kutoka mbali, palikuwa na madarasa na mabweni, lakini hapakuwa na ukumbi wa mpira wa kikapu. Timu ya chuo ilifanya mazoezi katika ukumbi wa shule ya sekondari ya St. Ignatius. Mechi za nyumbani zilichezwa Kezar Pavilion, jengo la manispaa lililo pembezoni mwa bustani kubwa ya jiji, na zile zilizovuta watu wengi zilipelekwa Cow Palace, jengo lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mifugo. Timu iliitwa Dons. Watu wakazoea kuwaita Dons wasio na makao.

Chuo hicho kilikuwa kimeshaionja gharama ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1951 timu yake ya futiboli ya Kimarekani ilishinda mechi zote 9 ilizocheza, na kwa haki ilistahili kualikwa kwenye moja ya mechi kubwa za kufunga msimu, ambazo malipo yake yangeiokoa timu iliyokuwa ikilemewa na madeni. Lakini katika kikosi walikuwamo vijana wawili weusi, Ollie Matson na Burl Toler. Walielezwa kwamba mwaliko ungepatikana kama wawili hao wangeachwa nyumbani. Wenzao wazungu wakakataa. Mwaliko haukuja, fedha hazikuja, na chuo kikaivunja timu. Mwaka uliofuata, kijana mwembamba, mrefu, mwenye haya nyingi, alivuka ghuba kutoka Oakland akaanza masomo hapo. Jina lake Bill Russell.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1934 huko Monroe, Louisiana, kusini kabisa mwa Marekani, mahali ambapo sheria na desturi vilimpangia mtu mweusi pa kuketi, pa kunywa maji na pa kuzikwa. Siku moja baba yake, Charles, alikuwa kwenye kituo cha mafuta akisubiri wazungu wahudumiwe kwanza. Alipochoka akataka kuondoka, mhudumu akamtolea bunduki na kumwamuru asubiri zamu yake. Siku nyingine mama yake, Katie, alitoka mjini amevaa nguo nzuri, askari polisi akamsimamisha na kumwambia arudi nyumbani akaivue, maana hiyo ni nguo ya mwanamke wa kizungu. Mtoto aliyeona wazazi wake wakidhalilishwa namna hiyo hasahau, na Russell hakusahau hadi uzeeni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili familia ilihamia Oakland, kama walivyofanya maelfu ya watu weusi wa kusini waliofuata ajira za viwanda vya meli na silaha. Waliishi kwenye nyumba za serikali za watu wenye kipato cha chini. Mwaka 1946 Katie alifariki ghafla, Bill akiwa na miaka 12. Kabla ya kufa alikuwa ameshawaambia watu wa nyumbani jambo moja alilolitaka: wanawe wawili wasome mpaka chuo kikuu. Charles aliacha biashara yake ya lori, akatafuta kazi kiwandani iliyomwezesha kuwa karibu na watoto, akawalea mwenyewe.

Katika miaka hiyo ya msiba kijana alijificha maktaba. Alisoma habari za Henri Christophe, mtumwa aliyepanda hadi kuwa mfalme wa Haiti. Aliazima vitabu vya picha za Michelangelo na Leonardo da Vinci, akawa anaitazama picha moja kwa muda mrefu, mstari kwa mstari, kisha anafumba kitabu na kujaribu kuichora kwa kumbukumbu. Hakuwa mchoraji hodari. Lakini zoezi lile la kukitazama kitu mpaka kiingie chote akilini, halafu kukijenga upya bila kukiona, lilikuja kumfaa mahali ambapo hakuna mwalimu wa sanaa aliyepawazia.

Michezoni hakuwa na sifa yoyote. Kwenye shule ya kati aliachwa nje ya timu ya kikapu. Alipofika sekondari ya McClymonds, aliponea chupuchupu kuachwa hata kwenye timu ya akiba. Kocha George Powles alikuwa na jezi 15, akamchagua Russell awe mchezaji wa 16. Kwa hiyo jezi moja ilivaliwa na vijana wawili kwa zamu: mechi hii mmoja anavaa, mwenzake anakaa jukwaani na watazamaji, mechi ijayo wanabadilishana. Powles, ambaye alikuwa mzungu katika shule ya vijana weusi, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona, au pengine alimhurumia tu. Vyovyote iwavyo, bila jezi ile ya nusu kwa nusu hakuna historia ya kusimulia.

Alimaliza sekondari Januari 1952. Katika mechi yake ya mwisho alikuwapo Hal DeJulio, mchezaji wa zamani wa Chuo Kikuu cha San Francisco aliyezoea kukitafutia chuo chake vijana. Russell alifunga pointi 14 tu, lakini DeJulio alivutiwa na jinsi alivyokuwa kila mahali mpira ulipokwenda. Kisha kijana akapanda basi na timu ya vijana wa sekondari za California, wakazunguka miji ya kaskazini-magharibi ya nchi wakicheza karibu kila siku. Kocha wa ziara ile aliwaruhusu kuruka watakavyo, jambo ambalo makocha wengi wa wakati huo walilikataza. Ndani ya basi Russell alirudia mazoea ya maktaba: alimtazama mwenzake akifanya mbinu fulani, akaichukua kichwani kipande kwa kipande, akajiona yeye mwenyewe akiifanya. Kisha akaanza kujiona upande wa pili, akiwa mlinzi anayeizuia mbinu hiyo hiyo. Nadhani hapo ndipo mchezaji alipozaliwa.

Aliporudi alipata kazi ya ufundi mwanagenzi katika kiwanda cha meli cha jeshi la majini. Chuo kimoja tu nchini kote kilimwita kumfadhili masomo. Ni kile cha mapadri, kisicho na ukumbi.

Kanuni za siku hizo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu. Russell aliwekwa kwenye timu ya wanafunzi wapya chini ya Ross Giudice, mtu mvumilivu aliyekaa naye baada ya mazoezi akimfundisha kutupa, kugeuka, kuweka miguu. Chumba cha bweni alipangiwa na kijana aliyemtangulia mwaka mmoja, K.C. Jones, mzaliwa wa Texas aliyekulia San Francisco. Jones alikuwa mkimya kupita kiasi. Karibu mwezi mzima walilala chumba kimoja bila mazungumzo ya maana. Halafu siku moja ulimi ukafunguka, na walipoanza kuzungumza habari za kikapu hawakuacha tena kwa miaka minne, wala baadaye.

Mazungumzo yale ya usiku ndiyo kiini cha simulizi hii. Vijana wengi huota kufunga. Hawa wawili walizungumzia namna ya kumnyima mwingine nafasi ya kufunga. Walijiuliza: mchezaji akishika mpira pembeni, njia zake za kufika kikapuni ni ngapi? Ukimzibia ya kwanza ataichukua ipi? Je, unaweza kumsukuma, bila kumgusa, hadi mahali ambapo mwenzako anamsubiri? Waliuona uwanja kama karatasi ya jiometria yenye pembe na mistari. Jones, aliyekuwa na urefu wa kawaida kwa mchezaji, futi 6 na inchi moja, angembana mshambuliaji huko nje na kumwelekeza ndani. Ndani angemkuta Russell, futi 6 na inchi karibu 10, ambazo ni kama mita 2.08, mwenye mikono mirefu na aliyetumia mkono wa kushoto. Jambo la mkono wa kushoto si dogo: wachezaji wengi hutupa kwa mkono wa kulia, na anayewakabili kwa kushoto mkono wake uko moja kwa moja kwenye njia ya mpira.

Kulikuwa na jambo la pili. Mlinzi wa kawaida akipata nafasi ya kuuzuia mpira huupiga kwa nguvu mpaka ukaangukia kwa watazamaji, ukumbi ukashangilia, na timu pinzani ikarudishiwa mpira ule ule. Russell alijifunza kuugusa kwa ncha za vidole tu, kiasi cha kuupoza na kuuelekeza kwa mwenzake, ambaye tayari amekwishageuka kukimbilia upande wa pili. Hapo ulinzi uligeuka kuwa pasi ya kwanza ya shambulizi.

Kocha wa timu kuu, Phil Woolpert, alifundisha kama walivyofundisha makocha wote: mlinzi mzuri hainui miguu yake sakafuni. Mechi ya kwanza ya Russell katika timu kuu, Desemba 1953, ilikuwa dhidi ya Chuo Kikuu cha California kutoka ng'ambo ya ghuba, ambacho senta wake, Bob McKeen, alikuwa na jina kubwa. McKeen aliponyanyuka kutupa mara ya kwanza, Russell aliuzuia mpira. Akaendelea kuzuia, wapinzani wakachanganyikiwa, na San Francisco wakashinda kwa tofauti kubwa. Wakati wa mapumziko kocha wake alijaribu kumwonyesha namna sahihi ya kumkaba mtu. Russell akajaribu kufuata, akaona McKeen anafunga, akarudia namna yake. Sifa ya Woolpert ni kwamba hatimaye alimwacha. Makocha wengi wangeua kipaji kile kwa ajili ya kitabu cha mafunzo.

Mipira aliyoizuia Russell chuoni haikuwahi kuwekwa katika hesabu rasmi za mashindano. Miongo mitano baadaye Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, akicheza Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia mwaka 2006 hadi 2009, aliandikiwa kila mpira aliouzuia, na kwa hesabu hizo akatambuliwa kuwa miongoni mwa walinzi bora wa vyuo vya Marekani. Miaka ya 1950 karani wa mezani aliandika pointi, mipira iliyodakwa na makosa, basi. Kazi kubwa ya Russell haikuwa na safu kwenye karatasi yake.

Msimu huo wa kwanza uliharibika haraka. Muda mfupi baada ya mechi ya California kidole tumbo cha Jones kilipasuka, akalazwa, akapoteza mwaka mzima. Ndani ya timu wakubwa hawakupendana na wadogo, na mwishoni walikuwa wameshinda mechi 14 na kupoteza 7. Hakuna aliyewadhania lolote kwa mwaka utakaofuata.

Mwaka huo, 1954, walianza kwa ushindi wa mechi mbili, kisha wakafungwa na UCLA ya Los Angeles, iliyofundishwa na John Wooden, 47 kwa 40. Baada ya kipigo hicho Woolpert alibadilisha kikosi. Alimwingiza Hal Perry kwenye nafasi ya mlinzi wa nje, pamoja na Jones na Russell. Ilikuwa hesabu ya mpira tu. Perry alikuwa na kasi na alikaba vizuri. Lakini matokeo yake ni kwamba watatu kati ya wachezaji watano wa kuanza walikuwa weusi, jambo ambalo vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa havijalizoea. Palikuwa na maelewano yasiyoandikwa kati ya makocha kwamba mmoja anatosha, wawili ni wengi. Woolpert alipokea barua za matusi na maneno ya makocha wenzake. Hakubadilisha kikosi tena.

Wiki moja baadaye wakakutana na UCLA kwa mara nyingine, safari hii wakashinda 56 kwa 44. Mwisho wa Desemba wakasafiri kwenda Oklahoma City kwa mashindano ya vyuo.

Hoteli za mji huo zilikataa kuwapokea wachezaji weusi. Wazungu wangeweza kulala hotelini na wengine wakatafutiwa pa kulala kwa watu, kama timu nyingi zilivyofanya siku hizo bila kelele. Kikosi kikakataa kugawanywa. Wakaenda wote, weusi kwa weupe, kulala kwenye bweni la chuo lililokuwa limefungwa kwa likizo ya Krismasi. Vijana wale walikuwa na miaka 19, 20, 21. Katika mabweni yale matupu, wasimulizi wengi wa timu hiyo wanasema, ndipo walipokuwa ndugu. Mimi naongeza kwamba hawakuwa wa kwanza chuoni kwao kufanya hivyo. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu wachezaji wa futiboli wachague kupoteza kila kitu kuliko kuwaacha Matson na Toler, na habari ile bado ilikuwa hai katika kilima kile.

Walipokuwa wakijinyoosha na kurusha mipira kabla ya mechi, baadhi ya watazamaji waliwazomea, wakawarushia sarafu sakafuni kana kwamba ni wachekeshaji wa mtaani. Russell aliinama akaziokota, akampelekea kocha, akamwomba amtunzie. Kisha wakaingia uwanjani wakashinda mashindano yote, na yeye akachaguliwa mchezaji bora.

Tangu hapo hawakufungwa tena msimu ule. Kwenye mashindano ya taifa mwezi Machi 1955 waliponea Corvallis, nyumbani kwa Oregon State, timu yenye senta aliyempita Russell kwa urefu: walishinda 57 kwa 56, mtupo wa mwisho wa wenyeji ukikosa. Katika nusu fainali waliifunga Colorado. Fainali ilikuwa Kansas City, tarehe 19 Machi, dhidi ya La Salle ya Philadelphia, mabingwa watetezi wakiongozwa na Tom Gola, mchezaji aliyeheshimika kuliko wote nchini. Watu walisubiri Russell apewe kazi ya kumkaba Gola. Woolpert alimpa Jones, ambaye Gola alimzidi kwa inchi 5 nzima, ili Russell abaki huru chini ya kikapu. Yaliyopangwa bwenini yakaonekana hadharani. Jones alimfuata Gola kama kivuli na bado yeye mwenyewe akafunga pointi 24. Russell alifunga 23 na kudaka mipira 25. Matokeo: 77 kwa 63. Chuo kisicho na ukumbi kikawa bingwa wa Marekani.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo Russell alilirudia katika mahojiano kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa bingwa wa taifa, mchezaji bora wa mashindano ya taifa, ametajwa kwenye kikosi bora cha nchi. Ilipofika zamu ya kumchagua mchezaji bora wa kaskazini mwa California, yaani eneo la nyumbani kwake tu, waandishi wa michezo wakampa Kenny Sears wa Santa Clara, mzungu. Sears alikuwa mchezaji mzuri, hakuna anayembishia. Lakini timu ya Russell ilikuwa imechukua taji la taifa, na yeye ndiye aliyekuwa nguzo yake.

Wengine wangekata tamaa au wangegeuka wachungu. Russell alifanya hesabu ya aina nyingine. Tuzo hutolewa kwa kura, na kura zimo mikononi mwa watu asioweza kuwabadilisha. Ushindi wa mechi haupigiwi kura. Kengele ikilia, namba zipo ukutani, na hata anayekuchukia lazima aziandike gazetini. Akaamua kwamba toka siku hiyo kitu pekee atakachokitafuta uwanjani ni timu yake kushinda. Wanaomsifu kwamba alikuwa mchezaji asiye na ubinafsi husema kweli, lakini mara nyingi huacha kusema kwamba hali hiyo ilitokana na jeraha. Alikuwa amenyimwa haki yake, akatafuta mahali ambapo hawangeweza kumnyima.

Mwaka wake wa mwisho, msimu wa 1955 hadi 1956, hawakupoteza hata mechi moja. Vyuo vingine vilijaribu kila njia. Pete Newell, aliyewahi kuwafundisha Dons na kuwapa taji la mashindano ya mwaliko ya New York mwaka 1949, sasa alikuwa kocha wa California. Januari 1956, Dons wakitafuta ushindi wa 40 mfululizo ambao ungevunja rekodi ya vyuo, Newell aliamua kuwanyima mpira. Mchezaji wake Joe Hagler alisimama na mpira mkononi dakika karibu nane bila kuutupa wala kuupeleka popote, na kanuni za wakati huo zilimruhusu. Watazamaji walipiga kelele. Mechi ikaisha 33 kwa 24, San Francisco wakashinda vilevile.

Walioshindwa kumzuia uwanjani walimfuata kwenye vitabu vya kanuni. Eneo la chini ya kikapu ambamo mshambuliaji haruhusiwi kuganda zaidi ya sekunde tatu lilikuwa na upana wa futi 6. Likapanuliwa hadi futi 12, ili watu kama Russell wasogezwe mbali na ringi. Russell alikuwa pia na tabia ya kuruka na kuuongoza kwa mkono mpira uliotupwa na mwenzake, ukiwa tayari juu ya ringi, ukaingia. Baadaye hilo nalo likapigwa marufuku. Vijana wanaocheza leo kwenye viwanja vya Dar es Salaam, Nairobi au Goma wanafuata mipaka iliyotokana na ubishi ule, hata kama vipimo vya kimataifa vimebadilika tena.

Jones hakuruhusiwa kucheza mashindano ya taifa ya mwaka 1956, kwa kuwa mechi ile moja aliyocheza kabla ya kuugua ilihesabiwa msimu mzima. Gene Brown alichukua nafasi yake. Fainali ilikuwa Evanston, karibu na Chicago, dhidi ya Iowa. Wapinzani walitangulia 15 kwa 4, na kwa dakika chache ilionekana mambo yamefika mwisho. Kisha Russell akaanza kudaka kila mpira uliogonga ringi. Alidaka 27, akafunga 26, na San Francisco wakashinda 83 kwa 71. Ilikuwa mara ya kwanza timu kuwa bingwa wa taifa bila kufungwa mechi hata moja. Tuzo ya mchezaji bora wa mashindano walimpa Hal Lear wa Temple, aliyefunga pointi 48 kwenye mechi ya mshindi wa tatu.

Katika misimu mitatu ya chuo Russell alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 20 na mipira 20 ya kudaka kwa kila mechi. Pembeni alikuwa mrukaji. Mwaka 1956 aliruka juu mita 2.06, kiwango cha kimataifa wakati huo. Timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters ilimtaka. Mmiliki wake, Abe Saperstein, alipokuja kujadiliana alizungumza na Woolpert peke yake, huku msaidizi wake akimpigia Russell hadithi za kuchekesha. Hilo lilitosha. Mtu aliyesoma habari za Henri Christophe hangekubali kuuzwa mbele ya macho yake bila kuulizwa.

Badala yake alikwenda Melbourne na Jones kwenye Olimpiki za mwisho wa mwaka 1956, ambako Marekani iliwapita wapinzani wake kwa wastani wa zaidi ya pointi 50 kila mechi na kuifunga Sovieti 89 kwa 55 kwenye fainali. Kabla ya Krismasi alikuwa amevaa jezi ya Boston Celtics, timu ya ligi kuu ya kulipwa. Kocha Red Auerbach alikuwa amewatoa wachezaji wawili, Ed Macauley na Cliff Hagan, kwa St. Louis ili kupata haki ya kumchukua. Habari za Boston zimesimuliwa mara nyingi: mataji 11 katika misimu 13, na mwaka 1966 kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa ligi hiyo, huku akiendelea kucheza. Mwaka 1958 Jones naye akawasili Boston, na kwa miaka tisa mchezo uliobuniwa kwenye chumba cha bweni ukachezwa mbele ya dunia nzima.

Mwaka 1975 jumba la heshima la mpira wa kikapu lilimchagua, mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa kwa sifa za uchezaji wake. Hakuhudhuria sherehe. Alikubali pete yake mwaka 2019 tu, faraghani, na kueleza kwamba walikuwapo weusi wengine waliostahili kumtangulia; mwaka huo hatimaye aliingizwa Chuck Cooper, mweusi wa kwanza kuchaguliwa na timu ya ligi ile mwaka 1950. K.C. Jones alifariki siku ya Krismasi mwaka 2020. Russell alimfuata tarehe 31 Julai 2022, na ligi ikaamua kwamba jezi yake namba 6 haitatolewa tena kwa mchezaji mpya wa timu yoyote.

Mfululizo wa ushindi wa San Francisco ulifika mechi 60, 55 kati ya hizo Russell akiwamo, kabla Illinois hawajaukatisha Desemba 1956. Rekodi ilidumu hadi Januari 1973, ilipovunjwa na UCLA chini ya John Wooden yule yule, kocha wa mwisho kuwafunga kabla mfululizo huo haujaanza. Mwaka 1958 chuo kilifungua ukumbi wake juu ya kilima. Phil Woolpert aliufurahia kwa muda mfupi tu, kwa maana mwaka uliofuata aliacha kazi hiyo, ikiwa imemlemea. Alifundisha mahali pengine kwa miaka kadhaa, kisha akahamia mji mdogo wa Sequim katika jimbo la Washington, akawa dereva wa basi la shule. Alifariki mwaka 1987. Jumba la heshima lilimwingiza mwaka 1992.